Kujitolea shamba la kondoo Uskoti: mwongozo kwa anayekwenda mara ya kwanza

Kila mwaka Februari ikielekea mwisho, simu yangu inaanza kulia. "Kaka, nimepata shamba huko Highlands, nibebe nini?" "Baridi yake ikoje?" "Mimi nimechunga mbuzi tangu mdogo, kuna kipya kweli?" Nimejibu mmoja mmoja vya kutosha. Safari hii naandika mara moja, kila mtu asome.

Mimi ni wa Singida, nimekulia nyuma ya kondoo na mbuzi wa babu. Nikiwa mwanafunzi Glasgow nilikwenda misimu mitatu ya uzazi wa kondoo huko Sutherland, juu kabisa kaskazini mwa Uskoti, kwenye shamba ambalo jirani wa karibu alikuwa maili nne. Katika misimu hiyo nimeona wenzangu wanne wakifungasha mabegi kabla ya siku zao. Hakuna aliyekimbizwa na kondoo. Wawili walishindwa na kulowa, wawili walishindwa na ukimya. Ndiyo maana hapa chini utaona nimezungumzia soksi kuliko mifugo.

Kibali kabla ya begi

Uingereza haina viza ya kujitolea kwenye shamba la mtu binafsi. Mwenye viza ya kawaida ya matembezi anaruhusiwa kujitolea kwa shirika la hisani lililosajiliwa tu, tena si zaidi ya siku 30. Kulisha kondoo wa mtu ili upewe kitanda na chakula kunahesabiwa ni kazi. Viza ya vibarua wa msimu nayo ni ya wavunaji wa mboga, matunda na maua, pamoja na kazi za kuku kuelekea Krismasi, kondoo hawamo. Kwa hiyo yeyote aliyeko Dar au Nairobi anayekudai hela akutafutie "viza ya kujitolea shambani" anakuibia. Usibishane naye, mfungie namba.

Mwongozo huu ni kwa ambaye tayari yuko Uingereza na ana haki ya kufanya kazi: mkazi wa kudumu, raia, mwenza wa mwenye viza, au mwanafunzi wa chuo aliye likizo. Mwanafunzi wa shahada kwa kawaida ana ukomo wa saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, na kazi isiyo na mshahara imo ndani ya saa hizo. Likizo ya Pasaka inaangukia karibu na msimu wa uzazi, na wakati huo ukomo haupo. Wa uzamili muwe macho: ile miezi ya kiangazi mnayoandika tasnifu mara nyingi bado inahesabiwa muhula. Uliza ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni kwako, na upate jibu kwa maandishi.

Jambo jingine, na hili sina mzaha nalo. Dada, kama ni mjamzito au unahisi unaweza kuwa mjamzito, usiende msimu wa uzazi. Kondoo wanaozaa wanaweza kubeba vimelea vinavyoharibu mimba ya binadamu, na hata nguo zilizotoka zizini usizifue wewe. Nenda Agosti.

Vitu vya kuandaa

- Gambuti imara, namba moja zaidi ya kiatu chako, ili soksi mbili ziingie.
- Soksi za sufu jozi sita. Si tatu, sita.
- Koti na suruali ya mvua, vya dukani, vipya. Hapa usibane hela.
- Sweta mbili za sufu. Hizi utazipata kwa bei poa kwenye maduka ya mitumba ya mashirika ya hisani.
- Nguo za ndani ndefu zisizo za pamba. Jinzi iache mjini: ikilowa haikauki, na inakunyonya joto mwilini.
- Tochi ya kuvaa kichwani na betri za akiba.
- Mafuta mazito ya mgando kwa mikono, na mkasi wa kucha.
- Kibanio cha kutolea kupe.
- Saa ya mkononi. Simu itakaa ndani, kavu.
- Unga wa ugali, iliki, tangawizi kavu, pilipili ya unga. Utanishukuru siku ya tisa.

Hatua kwa hatua

1. Piga simu kabla ya kukubali. Ujumbe wa kuandika hautoshi. Uliza saa ngapi za kazi kwa siku, siku ngapi za kupumzika, utalala wapi na kuna joto la aina gani humo, nani anapika, mtandao unafika au haufiki, na nani mwingine atakuwepo. Ukiwa Mwislamu sema mapema kuhusu nyama na kuhusu mbwa, maana mbwa wa kazi wanaingia hadi jikoni kwa wengine. Mwenyeji wangu alisikiliza, akasema "sawa", na nikakuta friji imejaa samaki na mayai. Anayekasirikia maswali haya kwenye simu atakukasirikia zaidi zizini.

Msimu wa uzazi saa hazihesabiki kama miezi mingine, hilo lijue. Lakini kuna tofauti kati ya shughuli nyingi na kunyonywa. Mkubaliane siku moja kamili ya mapumziko kila wiki, na muandikiane hata kwa ujumbe mfupi.

2. Fika mchana. Kutoka Inverness kuna treni ya kaskazini inayopita Lairg na kuendelea hadi Thurso na Wick. Safari za siku ni chache, ukikosa moja umekosa kweli. Mwombe anayekupokea mpitie dukani kabla ya kwenda shamba. Kwetu duka lilikuwa maili 22, na safari ya duka ilikuwa mara moja kwa wiki.

Kabla mtandao haujakatika, fanya mambo mawili. Pakua ramani ya eneo isomeke bila intaneti. Kisha sajili simu yako ili uweze kuita msaada kwa ujumbe mfupi: tuma neno "register" kwenda 999, fuata maelekezo. Kuna mahali mlimani sauti haipiti lakini ujumbe unapenya.

3. Siku ya kwanza jifunze mageti, mbwa na magari. Geti ulilolikuta limefungwa lifunge, ulilolikuta wazi liache wazi. Hata kama unaona mtu kasahau. Geti lililo wazi pengine ndiyo njia ya kondoo kufika kwenye maji. Ukilazimika kulipanda, panda upande wa bawaba.

Mbwa si mnyama wa kuchezea. Usimwite, usimlishe, usimpigie mluzi. Yuko kazini hata akiwa amelala, na kila mluzi una maana yake. Mbwa akianza kukusikiliza wewe badala ya mwenye shamba, umemharibia mtu chombo cha kazi.

Ile pikipiki ya magurudumu manne imeua wakulima wenye uzoefu wa miaka mingi. Usiiendeshe kabla ya kufundishwa, usiipande bila kofia ngumu, usikubali kubebwa nyuma. Wakikucheka, tembea kwa miguu.

4. Kaa mkavu. Hapa ndipo wengi wanapoanguka. Mtu wa Makambako au Limuru anadhani anaijua baridi. Baridi ya kule nyuzi zake si za kutisha. Aprili mchana unaweza kuwa na nyuzi 8 tu na ukaona kawaida. Balaa ni upepo na mvua inayokuja kwa ubavu siku nzima, ikiingia shingoni na kutokea kwenye gambuti.

Utaratibu wangu ulikuwa hivi. Vaa soksi jozi moja asubuhi. Saa sita na nusu mchana, ukiingia kwa supu, vua zote, kausha miguu kwa taulo, vaa jozi nyingine, hata kama za kwanza unaona hazijalowa. Jioni jaza gambuti magazeti makavu na uziweke karibu na jiko, si juu yake, raba isipasuke. Suruali ya mvua ivae juu ya gambuti, isiingie ndani, la sivyo maji yote ya mguuni yanateremkia kwenye soksi. Nilitumia wiki nzima kugundua hilo la mwisho na hakuna aliyeniambia, walidhani najua.

Ukianza kutetemeka na vidole vikakataa kufunga vifungo, rudi ndani hapohapo. Usisubiri kazi iishe.

5. Ingia zizi la uzazi taratibu. Kondoo hubeba mimba siku 147 hivi. Madume huachiwa majike mwezi Novemba, kwa hiyo mashamba ya mlimani huzalisha kuanzia katikati ya Aprili hadi Mei. Siku mbili za mwanzo simama, tazama, shika tochi. Kondoo wetu wa Singida na hawa ni binamu wa mbali: hawa wana sufu nzito, wakubwa, na wanakuogopa wewe kuliko mbweha.

Jifunze msamiati. "Tup" ni dume. "Hogg" ni aliyeachishwa kunyonya ambaye hajakatwa sufu bado. "Gimmer" ni jike kijana. Na jike mzazi wanamwita "yowe". Nilipokuta ubaoni pameandikwa "yowe" na namba 14, nilikaa nikajiuliza ni mayowe ya nani hayo yanahesabiwa.

Uzazi wa kawaida unaanza na miguu miwili ya mbele, kisha pua imelala juu yake. Ukiona hivyo, rudi nyuma umwache mama afanye kazi. Ukiona mguu mmoja, au mkia, au kichwa bila miguu, au mama amesukuma saa nzima hakuna kinachotoka, kamwite mwenyeji. Usiingize mkono kwa sababu uliwahi kumzalisha mbuzi kwa bibi.

Kichanga akitoka: futa pua, hakikisha anapumua, mweke mbele ya mdomo wa mama amlambe. Paka kitovu iodini. Kisha dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama. Hiyo ndiyo roho yake. Inafaa ainywe ndani ya saa mbili za mwanzo. Kipimo wanachotumia ni mililita 50 kwa kila kilo ya uzito kwa mlo mmoja, yaani mwenye kilo nne anywe 200. Shika tumbo lake: likiwa limejaa na limekaza kidogo, kanyonya. Likiwa limenywea, mama hana maziwa, chuchu imeziba au mtoto hajui njia.

Aliyezubaa mpime joto. La kawaida ni nyuzi 39 hadi 40. Akiwa kati ya 37 na 39, mkaushe na apewe dang'a. Akiwa chini ya 37 na amezaliwa zaidi ya saa tano zilizopita, usimkimbize kwenye taa ya joto. Sukari mwilini imekwisha, na ukimpasha moto kabla ya kupewa glukosi anaweza kukufia kwa degedege. Glukosi anachoma aliyefundishwa. Na asiyeweza kuinua kichwa asilishwe kwa mrija, maziwa yataingia kwenye mapafu. Nilimuua mmoja hivyo msimu wa kwanza. Mwenyeji hakunigombeza, alinionyesha tu upya, na hilo liliuma zaidi.

Utaona pia jambo litakalokushtua: mtoto akifa, wanamchuna ngozi na kumvika yatima, ili mama aliyefiwa anuse harufu ya mwanawe na akubali kunyonyesha. Siku mbili tatu, ngozi inavuliwa, mtoto ameshapata mama. Sijaona ufundi mzuri kuliko huo.

Vaa glavu kila mara. Kuna ugonjwa uitwao orf, vidonda vya mdomoni kwa kondoo, na unahamia kwenye vidole vya binadamu. Osha mikono kwa sabuni kabla ya chai, kila chai.

6. Mlimani, tafuta waliopinduka. Kondoo wa mlima hawazungushiwi ua kama unavyodhani. Kila ukoo unaujua upande wake wa mlima, mtoto anafundishwa na mama. Eneo hilo wanaliita "heft". Hakuna kijana wa kukaa nao kutwa na fimbo. Kazi yako ni kupita asubuhi na jioni ukihesabu na kutazama.

Kubwa la kutafuta ni kondoo aliyelala chali. Mwenye mimba au sufu nzito akibingirika kwenye kijishimo hawezi kujiinua. Gesi inajaa tumboni na kunguru wanaanza na macho. Mwinue kwa kumsukuma ubavuni, halafu usimwachie. Mshike wima dakika moja au mbili mpaka miguu ishike ardhi, vinginevyo anaanguka tena ulipogeuka. Ukirudi nyumbani jikague kupe nyuma ya magoti na kiunoni.

7. Salamu na majina. Kwetu asubuhi haianzi bila habari za kulala, za nyumbani, za mifugo. Kule utapewa kichwa kilichotikiswa na neno "aye". Si dharau. Mwenyeji wangu ana miaka sabini na kitu. Ulimi wangu ulikataa kumwita kwa jina, nikamwita Mzee. Akauliza maana yake, nikamweleza, akakaa kimya, akasema niendelee. Mkewe alitaka jina lake tupu, nikalimeza hivyohivyo. Na wakisema kazi yako "si mbaya", jua umesifiwa sana.

8. Panga ukimya kabla haujakupanga. Wiki ya kwanza unausifia. Wiki ya pili unasikia masikio yako yenyewe. Weka saa maalumu za kupiga simu nyumbani: kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Oktoba, Afrika Mashariki iko mbele kwa saa mbili, miezi mingine saa tatu. Mimi nilipiga saa moja jioni, kwetu saa tatu usiku, watu wameshakula. Rekodi sauti za nyumbani uende nazo: mama anavyoongea jikoni, kipindi cha redio, mahubiri, mpira. Mwishoni mwa Mei jua linazama karibu saa nne usiku, kwa hiyo funika dirisha ulale. Waislamu, ratiba ya Isha na Alfajiri huko kiangazi inahitaji mtu wa elimu. Muulize sheikh wako kabla hujaondoka.

Siku ya mapumziko toka kweli. Nenda hata kwenye mnada wa mifugo ukasikilize. Au tembea bondeni. Kule Strathnaver utaona kuta fupi za mawe zilizofunikwa majani, kama pale Rosal. Ni nyumba za watu. Mwaka 1814 na tena 1819 wakazi wa bonde hilo waliondolewa na wenye ardhi kupisha kondoo. Mwenyeji hatakuanzishia habari hiyo, ila jioni moja ukiuliza kwa adabu, atazungumza kuliko alivyozungumza wiki nzima.

Makosa ninayoyaona kila msimu

Kusema "nimeelewa" wakati lafudhi imekupita. Mwambie arudie. Kondoo amepigwa sindano mara mbili kwa sababu ya hili.

Kuendelea kufanya kazi mkono umechanika bila kusema. Kubeba simu mfuko wa juu na kuinamia pipa la maji. Kumpa jina mwanakondoo dume, unajua anakoelekea. Kushindana na mwenye shamba kuamka mapema. Humuwezi, na kesho utakuwa hatari kwenye geti.

Yakikwama

*Huli ukashiba.* Chakula chao ni supu, mkate, viazi, chai. Omba jiko jioni moja kwa wiki uwapikie. Bustani nyingi za kule zina "kale", na hiyo ni ndugu wa damu wa sukuma wiki. Kaanga na kitunguu, songa ugali wako. Tangawizi kwenye chai waliikataa siku ya kwanza. Siku ya nne mama mwenye nyumba aliulizia kama imebaki.

*Unalia bila sababu.* Angalia kwanza usingizi na soksi, nasema kweli. Ukilala usiku mbili mfululizo na bado hali ni ileile, mwambie mwenyeji na mtu wa nyumbani. Kuondoka mapema kwa kuaga vizuri si aibu.

*Kidonda chekundu kinachovimba kidoleni, au duara jekundu linalotanuka palipokuwa na kupe.* Piga 111, namba ya ushauri wa afya, eleza kuwa unafanya kazi na kondoo. Neno hilo linabadilisha maswali yao.

*Umepotea kwenye ukungu.* Simama. Usifuate kijito kushuka, kinaweza kukupeleka kwenye genge. Ujumbe kwenda 999, toa namba ya eneo kwenye ramani uliyopakua, vaa kila ulicho nacho.

*Saa za kazi zimezidi makubaliano.* Toa ule ujumbe mlioandikiana, uzungumze wakati wa chai, si zizini. Mambo yasipobadilika, ondoka. Hakikisha tangu mwanzo una nauli ya kurudi mfukoni mwako mwenyewe.

*Unataka kurudi mwaka ujao.* Usiandike barua ndefu. Siku ya mwisho osha gambuti kwa dawa ya kuua vijidudu, zikaushe, ziache kwenye chumba cha mlangoni. Wakiziona ziko pale hawatakuuliza. Zangu ziko upande wa kushoto, zina doa la rangi ya bluu ya kuwekea kondoo alama.